Mawe ya kale hayana kabila: tuwapeleke watoto wetu wakayaone



Mwezi uliopita, asubuhi na mapema, nilikuwa kwenye bomba la maji katika kartie yetu, upande wa Annexe. Mabido yalikuwa yamepangwa mstari kama kawaida. Mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Pweto alikuwa amefika saa kumi na moja, kabla hakujapambazuka, na mabido yake mawili yalikuwa ya tatu na ya nne. Kijana mmoja wa kartie akayachukua, akayaweka nyuma kabisa. Akasema: "Nyiye bakuya, mungoye kwanza. Benye muji batangulie."

Hakuna aliyejibu. Na mimi sikujibu. Nilikuwa na bido langu, nilitaka maji, nikanyamaza. Tangu siku ile neno lile halijanitoka, ndiyo sababu naandika leo.

Tuseme ukweli: kijana yule hakubuni kitu. Neno hilo linasikika sokoni, linasikika shuleni, linasikika tunapogawiwa viwanja. Mji huu umepokea watu wengi. Kuna jamaa zilizotoka Mitwaba, Pweto na Manono tangu miaka ile tuliyoiita ya "pembetatu ya kifo". Kuna waliokimbia vita vya Kasai mwaka 2016 na 2017. Na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, tunaona pia ndugu kutoka Kivu wakitafuta chumba cha kupanga hapa. Kila mara wanapofika, swali ni lile lile: nani ni mwenyeji, nani ni mkuja?

Leo siandiki kuomba unga wala turubai, ingawa vyote vinahitajika, na nitaendelea kuvidai. Naomba kitu ambacho wengine watakicheka: matembezi. Matembezi madogo ya watu kumi au kumi na wawili, watoto wa wahami na watoto wa wenyeji pamoja, na muongozaji anayesema Kiswahili chetu, kwenda kuona mawe ya watu wa kale. Maoni yangu ni kwamba hakuna hotuba wala semina ya amani inayoweza kulijibu neno la bombani vizuri kama mawe hayo. Nasema hivyo kwa sababu nimeona.

Siku tuliyokwenda Muze

Tulikuwa watu kumi na wawili: mama wanne, watoto sita, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya migodi, na mimi. Mama wawili ni wahami, wawili ni wa kartie. Tulichanga nauli ya basi ndogo, tukashuka mjini, tukaenda kwa miguu mpaka Makumbusho ya Taifa, ile nyumba ambayo wengi wetu tunaiita Muze tu, kando ya jengo la zamani la teatro linalotumiwa na Bunge la jimbo. Wakaaji wengi wa Lubumbashi wanapita pale kila siku bila kuingia. Mzee wetu amekaa mji huu zaidi ya miaka hamsini, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1946, wakati mji unaitwa Elisabethville, na Francis Cabu, Mbelgiji aliyekuwa akikusanya na kuchunguza mawe ya kale ya Katanga. Watu wengi wakisikia "makumbusho" wanafikiri vinyago. Vinyago vipo. Lakini msingi wa nyumba ile ni mawe.

Muongozaji wetu hakuanza na tarehe. Alitusimamisha mbele ya jiwe lililochongwa pande zote mbili, lenye ncha upande mmoja na mviringo upande wa pili, la kutosha kiganja cha mtu mzima. Wataalam wanaliita shoka la mkono. Akawauliza watoto: "Ule alichongaka hii jiwe, alikuwa kabila gani?"

Watoto wakaanza kupiga kelele. "Muluba!" "Mubemba!" "Musanga!" Mmoja aliyetoka Bukavu akasema "Mushi!" na wote wakacheka. Muongozaji akangoja wamalize. Kisha akasema kwamba wakati jiwe lile linachongwa, hakuna hata moja ya majina hayo lililokuwako. Hakukuwa na Muluba, hakukuwa na Mushi, hakukuwa na Katanga wala Kasai. Kulikuwa na mtu, mto, na jiwe.

Chumba kikawa kimya. Nikamtazama mama wa Pweto. Alikuwa amemshika mtoto wake begani, na alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu ya kesi yake.

Muongozaji hakutia chumvi. Mashoka ya mkono ya namna hiyo yamepatikana kwa wingi Kamoa, magharibi ya Kolwezi, ambako Daniel Cahen alichimba na kuchapisha kazi yake mwaka 1975. Na mwaka 2023 wataalam walitangaza kwamba kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, si mbali na ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, wamepata magogo mawili yaliyokatwa na kuunganishwa na mikono ya watu miaka yapata 476,000 iliyopita. Mabaki ya zamani kabisa ya watu wa namna yetu yanayojulikana hayazidi sana miaka 300,000. Maana yake, upande huu wa Afrika kulikuwa na mafundi hata kabla ya watu kama sisi. Mtu anayesema "sisi ndio wa kwanza hapa" amechelewa sana.

Jiwe lenye tundu

Kilichonigusa zaidi ni kitu kidogo. Ndani ya kabati kulikuwa na jiwe la mviringo lililotobolewa katikati. Mawe ya namna hiyo yameokotwa sehemu nyingi za Katanga, na Cabu alikuwa ameanza kuandika juu yake tangu miaka ya 1930.

Muongozaji akauliza ni la kazi gani. Mimi nilifikiri ni la kusagia. Mzee akasema labda uzito wa kupimia. Mama wa Pweto, ambaye tangu tuingie hakuwa amesema neno, akasema: "Ile unaingiza muti mu katikati. Inakuwa nzito. Njo unachimbula nayo bizizi."

Ndivyo wataalam wanavyoeleza. Mti wa kuchimbia ukivalishwa jiwe unakuwa na uzito, unaingia ardhini bila kumchosha mchimbaji. Ni kifaa cha watu waliotafuta mizizi na viazi vya porini kabla ya jembe la chuma. Muongozaji akamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba yeye ni mulimaji, na mtu aliyechimba udongo mgumu maisha yake yote anaona kitu kama hicho na mikono inajua.

Niliangalia watoto wa kartie walivyomgeukia. Nyumbani wanamjua kama "mama mukimbizi", yule wa mwisho kwenye mstari wa maji. Pale Muze alikuwa mwalimu. Jambo hili halikuhitaji mradi wala fedha za mfadhili. Lilihitaji jiwe moja, na mtu wa kuuliza swali kwa lugha anayoielewa mama huyo. Kama matembezi yangekuwa kwa Kifaransa peke yake, angetoka pale kama alivyoingia.

Misalaba kwenye makaburi ya Sanga

Kutoka kwenye mawe tukaenda kwenye shaba. Mzee wetu alipoona misalaba ya shaba akasimama. Alikuwa mtoto wakati wa Katanga ya Tshombe, na anakumbuka bendera ya miaka ya 1960 mpaka 1963 yenye misalaba mitatu, na sarafu ya mwaka 1961 yenye msalaba huo huo. Akasema: "Mi nilizaniaka ni ya ku drapo tu."

Hapana, mzee. Ni ya zamani zaidi ya bendera yoyote. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika Haut-Lomami ya leo, kuna makaburi ya watu walioishi karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Jacques Nenquin alichimba pale mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret akarudi mwaka 1974. Waliona marehemu waliozikwa na vyungu vizuri, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba, na katika makaburi ya karne za baadaye, misalaba. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ile ilizidi kuwa midogo na ya kipimo kimoja. Kitu kinapokuwa kidogo na cha kipimo kimoja, maana yake kinahesabiwa. De Maret anaona hapo shaba ikigeuka kuwa fedha.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye bonde lile la Upemba hakuna madini ya shaba. Shaba inatoka kusini, kwenye ukanda huu wa kwetu, kilomita mamia. Na katika makaburi hayo kuna shanga za kioo na kauri za bahari ya Hindi. Kauri haiogelei mtoni. Ililetwa na watu, kwa mikono, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kwa hiyo hata katika makaburi yanayotajwa kama asili ya utawala wa Waluba, tunakuta vitu vya wageni vimelazwa kifuani na kiunoni mwa wenyeji. Hawakuona haya kuzikwa na kitu kilichotoka mbali.

Na sisi? Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi wa Union Minière waliletwa kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi, na kutoka Zambia ya leo. Mwami Msiri wa Bunkeya, ambaye Katanga nzima inalijua jina lake, alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo. Hata Kiswahili ambacho yule kijana wa bombani alikitumia kumfukuza mama wa watu kilikuja huku na wasafiri. Angenyang'anywa kila kitu kilicholetwa na wakuja, angebaki bombani bila neno la kusema.

Sisemi hivi kwa mzaha. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, stesheni za Likasi na Kolwezi zikijaa jamaa za Wakasai waliofukuzwa, watoto wakilala kando ya reli wakingoja treni. Ilianza na maneno. Neno la bombani ni la ukoo ule ule.

Nguzo za Turkana

Tulipokuwa tunatoka, mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama tisa, akauliza: "Ba zamani habakujengaka kintu kikubwa?" Alikuwa amechoka na vitu vya kwenye kabati. Alitaka kitu kirefu.

Muongozaji akamwambia kwamba Katanga hatuna mawe makubwa yaliyosimamishwa, ila tuna pango la Kiantapo, lenye alama zilizochorwa na kutobolewa kwenye mwamba, ambalo Wazungu Breuil na Mortelmans waliandika juu yake mwaka 1952. Jirani zetu wa Afrika ya Kati wana mawe yaliyosimamishwa huko Bouar, na wenyeji wanayaita tajunu. Kisha akamsimulia juu ya Kenya, magharibi ya ziwa Turkana. Mimi sijafika huko, lakini nimesoma yaliyoandikwa, na tangu siku ile nayarudia kila ninapoalikwa kusema mbele ya wahami.

Miaka yapata 5,000 iliyopita, mvua ilipungua na ziwa Turkana likawa linakauka na kurudi nyuma. Maisha ya zamani ya kuvua samaki yakawa magumu. Ndipo ufugaji ukaanza kuingia katika nchi ile. Katika wakati huo mgumu, watu wa pale walijenga. Walisawazisha mahali pakubwa, pa mita thelathini hivi kutoka upande hadi upande, wakachimba shimo katikati, wakazika humo watu wao, na juu wakasimamisha nguzo za mawe walizozileta kutoka kando. Mahali hapo panaitwa Lothagam. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Elisabeth Hildebrand, unahesabu watu wasiopungua 580 waliozikwa mahali pamoja.

Kilichowashangaza wataalam si nguzo peke yake. Walitafuta kaburi la mfalme hawakulipata. Walizikwa wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, karibu wote wakiwa na mapambo yao, na hakuna aliyetengwa kama mkubwa. Watafiti wanafikiri mahali hapo palikuwa pa kukutania, kwa watu waliotawanyika wakifuata malisho, ambao hawakujua mwaka ujao maji yatakuwa wapi.

Nilipomaliza kuisimulia habari hiyo juzi kwenye mkutano mdogo wa jamaa zilizohama, baba mmoja aliyetoka Kivu akasema: "Basi na wao walikuwa wahami." Sikuwa nimeifikiria hivyo. Huenda hakuna mtaalam atakayelitumia neno hilo. Lakini baba yule amezika watu wawili njiani, na anajua ni kitu gani mtu anatafuta anapozika mahali ambapo si kwao: anatafuta mahali ambapo atarudi, na watu wengine watakaorudi naye.

Mawe yanasagwa

Kuna haraka katika jambo hili. Kamoa, ambako Cahen alichimba, leo ni jina la mgodi. Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwaka 2021, na sasa ni kati ya migodi mikubwa ya shaba duniani. Ukiwauliza vijana wa Lubumbashi Kamoa ni nini, kumi kati ya kumi watasema kazi. Sina ugomvi na kazi. Kaka zangu wanakula kwa migodi. Lakini inatupasa kujua kwamba ardhi inayotafutwa kwa shaba ndiyo ardhi ile ile yenye mawe ya watu wa kale, kwa sababu wao pia walifuata mito na vilima vile vile.

Sheria ipo. Kodi ya Madini ya mwaka 2002 inasema kwamba mwenye haki ya kuchimba akikuta dalili za vitu vya kale, hana ruhusa ya kuvihamisha, na analazimika kuwaarifu mara moja, kwa maandishi, wakuu wanaohusika na utamaduni na makumbusho. Ni sheria nzuri. Lakini sheria ya namna hiyo inangoja jicho la kutambua. Dereva wa tingatinga ambaye hajawahi kuona shoka la mkono ataona kokoto. Mchimbaji mdogo anayetafuta malakiti akikuta jiwe lenye tundu atalitupa, au atamuuzia mpita njia kwa bei ya soda. Jicho linafundishwa utotoni. Watoto sita tuliokwenda nao Muze sasa wanalo. Wawili kati yao wana kaka wanaochimba.

Watakaosema hapana

Najua majibu nitakayopata, maana nimeshaanza kuyapata.

La kwanza: "Watu wana njaa, unawapeleka kutazama mawe?" Ni kweli watu wana njaa. Unga umepanda, na wapo wanaokula bukari mara moja kwa siku. Lakini matembezi haya hayachukui unga wa mtu. Gharama yake kubwa ni nauli. Na wanaotoa jibu hili mara nyingi si wahami wenyewe. Mama wa Pweto hakuniuliza kwa nini tumekwenda kuona mawe. Aliniuliza tutarudi lini, kwa sababu binti yake mkubwa alibaki nyumbani kulinda vitu.

La pili: "Mawe ya wazee ni ya mizimu, msiyaguse." Hili naliheshimu, na ninakubaliana nalo nusu. Mahali kama Sanga ni makaburi. Kiantapo pana wenyewe, pana chifu wa udongo. Mtu hafiki pale na kundi na simu mkononi bila kupiga hodi. Ndiyo maana nasema matembezi madogo, na muongozaji. Muongozaji mzuri anaanza kwa mkuu wa kijiji, anaomba njia, na anawaambia wageni wasiguse, wasiandike majina kwa makala, wasiondoke na hata kokoto moja. Kundi la watu mia halisikii maneno hayo. Kundi la kumi na wawili linasikia.

La tatu linasemwa polepole, kwenye kiti cha baa: "Unataka kusema wenyeji hawana haki zao?" Sikusema hivyo. Chifu ana udongo wake, mila zina wenyewe, na jamaa iliyolima shamba tangu babu haiwezi kusukumwa kwa sababu kuna waliofika jana. Mgeni naye ana wajibu wa kuheshimu. Ninachokataa ni kufanya uenyeji kuwa rungu la kumpigia mtu kwenye mstari wa maji. Mstari wa maji una sheria moja tu: aliyefika kwanza anachota kwanza. Na kama tunataka kupeleka sheria hiyo nyuma mpaka mwanzo wa nchi, basi wa kwanza ni yule mwenye shoka la mkono, na hakuacha mtoto anayeweza kusema "mimi ni wake" peke yake.

Ninachoomba

Kwa walimu na wakuu wa masomo: mara moja kwa mwaka, darasa moja, na si darasa zima kwa pamoja. Gaweni vikundi vya kumi na wawili. Changanyeni watoto wa wahami na wa kartie, wasitembee kila mmoja na wa kwao.

Kwa mashirika yanayosaidia wahami: mnapopanga siku ya michezo kwa watoto, ongezeni nauli ya kwenda Muze na kurudi. Ni kidogo kuliko bei ya fulana mnazochapisha.

Kwa wenye makumbusho na waongozaji: endeleeni kusema Kiswahili, kile cha Lubumbashi, bila haya. Ulizeni wageni maswali kabla ya kuwapa majibu. Kati ya wahami kuna walimaji, wafua chuma, wavuvi wa Upemba, wafinyanzi. Wanajua vitu ambavyo vibao havikuandika.

Kwa wakuu wa jimbo: Haut-Katanga inafungua barabara kwenda migodini. Barabara hizo hizo zingeweza kutufikisha mahali kama Kiantapo, kwa ruhusa ya machifu, na vijana wa vijiji vile wakalipwa kuongoza na kulinda. Kijana anayelipwa kulionyesha pango hatalivunja.

Na kwa kila anayesoma au kusikiliza: ukilima au ukichimba ukakuta jiwe lililochongwa, lenye tundu, au vigae vya chungu, usilitupe, usiliuze. Liache pale lilipo, weka alama, mwarifu mkuu wa kijiji au watu wa makumbusho. Jiwe likitolewa mahali pake linapoteza nusu ya habari zake.

Namaliza na bomba. Juzi nilikuwa tena kwenye mstari, na mama wa Pweto alikuwa mbele yangu. Sitawadanganya kwamba kartie imebadilika kwa sababu ya matembezi ya asubuhi moja. Kijana yule alikuja, akashika mabido ya mama, akayapeleka nyuma kama kawaida yake. Lakini safari hii nilisema. Nilimwambia: "Kaka, rudisha. Mama alifika mbele yako." Mama mmoja wa kartie, kati ya wale tuliokwenda nao Muze, akasema vile vile, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Kijana akatutazama, akarudisha bido moja. La pili alilirudisha mtoto wa miaka tisa, yule aliyetaka kuona kitu kirefu.

Jumamosi ijayo tunakwenda tena. Nafasi ni kumi na mbili, na tisa zimeshajaa. Ya kumi nimemwekea kijana yule. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.